Binti yangu wa darasa la kumi ameletewa karatasi ya College Credit Plus: nimruhusu aanze masomo ya chuo?

Mama Furaha, Columbus

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba mawazo ya wazazi na vijana waliokwisha kuipita njia hii, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyesoma katika nchi hii kabla ya watoto wangu. Tulifika Columbus, jimbo la Ohio hapa Marekani, mwaka 2017 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na binti yangu mkubwa sasa yuko darasa la kumi. Wiki iliyopita alirudi na karatasi za mpango unaoitwa College Credit Plus. Zinaeleza kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo anaweza kusoma baadhi ya masomo ya chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili), akapata krediti, yaani vipimo vya masomo aliyomaliza, za chuo na za sekondari kwa wakati mmoja, na kwamba familia hailipi ada wala vitabu.

Nilisita, na bado nasita. Kule tulikotoka mtu haingii chuo kabla hajafanya mtihani wa mwisho na kushika cheti mkononi, na kitu cha bure kinachokuja na karatasi nyingi za kutia sahihi tumejifunza kukiogopa. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na baba yao huwa barabarani na lori siku nne kwa wiki, kwa hiyo hatuna nafasi ya kwenda shuleni kila mara kuuliza.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, ni bure kweli, au ni mkopo utakaotufuata baadaye? Akianguka somo, itakuwaje? Na krediti hizo zitakubaliwa Ohio State, chuo kikuu cha umma cha hapa Columbus, ambako anataka kusomea uuguzi? Kiingereza chake ni kizuri, lakini ametoka katika darasa la wanaojifunza Kiingereza miaka miwili tu iliyopita, na sitaki nimbebeshe mzigo ambao mgongo wake haujawa tayari kuubeba.

Baba Imani, Dayton

Mama Furaha, pole na kazi za usiku. Mpango huu ni wa kweli. Uko katika sheria za jimbo la Ohio, ulianza kutekelezwa mwaka wa masomo wa 2015–2016, na uko wazi kwa wanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili. Si mkopo. Hata hivyo naomba nikusimulie yaliyotupata sisi, maana laiti ningeyajua mapema nisingetia sahihi kwa haraka kama nilivyofanya.

Mwanangu alianza darasa la kumi na moja kwa kuchukua masomo manne ya chuo kwa mpigo, mawili kati ya hayo kwa mtandao. Nilifurahi sana, nikamtangazia kila mtu kanisani. Kumbe katika masomo ya mtandaoni hakuna mwalimu anayemwona mtoto amesinzia, wala anayempigia mzazi simu. Kazi zilipaswa kuwasilishwa kabla ya saa sita usiku wa Jumapili, naye mwishoni mwa wiki alikuwa akifanya kibarua dukani. Somo la takwimu alianguka kabisa. Baadaye wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo letu, ikatuletea barua ya kudai irudishiwe fedha zilizolipiwa somo lile, nasi tukalipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Hatukujua kwamba mwanafunzi anaweza kuliacha somo ndani ya siku 14 tangu lilipoanza bila deni na bila alama yoyote kubaki katika matokeo yake. Mwanangu aliona mapema kwamba anazama, lakini aliogopa kuniambia.

Sikukatazi. Nasema tu kwamba asianze na manne.

Mwanamkasi, mshauri wa masomo chuoni

Mama Furaha, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka tisa nimekuwa nikiwashauri wanafunzi katika chuo kimoja cha jamii hapa Ohio, wakiwamo vijana wengi wa sekondari.

Kwanza kuhusu fedha. Mwanafunzi wa shule ya umma anayesoma katika chuo cha umma halipi ada, halipi vitabu na halipi tozo za masomo. Gharama hizo hutoka katika fedha ambazo jimbo huipa shule yake. Akichagua chuo binafsi familia inaweza kutakiwa kuchangia, kwa hiyo abaki kwenye chuo cha umma. Usafiri ni juu yenu, na hilo hulisahau wengi mpaka wiki ya kwanza ya muhula. Uliza kama shule yake ina masomo ya mpango huu yanayofundishwa hapo hapo shuleni na mwalimu aliyeidhinishwa na chuo, kwa kuwa kwa familia ambayo wazazi wake wote wawili wako kazini hiyo mara nyingi ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Kuhusu kuanguka, Baba Imani amesema kweli kwamba wilaya inaweza kudai fedha zake kwa mzazi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba haitamdai mwanafunzi aliyetambuliwa rasmi kuwa anatoka katika familia yenye kipato cha chini, isipokuwa kama amefukuzwa shule. Neno la kushika hapo ni "aliyetambuliwa". Kama hamjajaza fomu ya kipato ambayo shule huitoa mwanzoni mwa mwaka, shule haina namna ya kujua hali yenu. Ijazeni, hata kama shuleni kwake kila mtoto anakula bure.

Deni lakini si jambo linaloniumiza kichwa zaidi, kwa sababu deni hulipwa likaisha. Alama haifutiki. Alama atakayoipata akiwa na miaka kumi na sita huandikwa katika matokeo ya sekondari na katika matokeo ya chuo, na ya chuo hubaki maisha yake yote. Nimekutana na kijana mwenye bidii ambaye alipotaka kuomba nafasi ya udaktari aligundua kwamba mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari nchini Marekani hudai matokeo ya kila chuo alichowahi kusoma, hata kama alisoma kabla ya kumaliza sekondari, na hesabu ya wastani wake ikaanza na alama mbili mbaya alizokuwa amezisahau. Tena, wastani wa masomo ya chuo ukishuka chini ya 2.0 katika kipimo cha 4.0, mwanafunzi huwekwa chini ya uangalizi na kupunguziwa masomo anayoruhusiwa kuchukua.

Kuhusu Ohio State, krediti kukubaliwa ni jambo moja, na krediti kumfaa ni jambo lingine. Ohio ina mkusanyiko wa masomo ya msingi unaoitwa Ohio Transfer 36, ambao vyuo vyote vya umma vya jimbo vimekubaliana kuupokea: uandishi wa Kiingereza, hisabati, sayansi ya jamii, sayansi asilia, sanaa na fasihi. Somo lililomo katika mkusanyiko huo litahama naye. Lakini programu ya uuguzi ina orodha yake ya masomo ya lazima na kiwango chake cha alama, na baadhi ya programu hazikubali somo la sayansi lililosomwa miaka mingi iliyopita. Mwanafunzi anaweza kufika na krediti 40 halafu akakuta nusu yake zimeingizwa kama masomo ya hiari yasiyompunguzia hata muhula mmoja. Kwa hiyo fungueni leo orodha ya masomo ya programu ya uuguzi, muisome pamoja naye, kisha achague somo lililomo humo.

Kila shule inatakiwa kuwa na mfano wa njia, yaani mpangilio wa masomo, ya krediti 15 na mfano wa njia ya krediti 30. Mwombe mshauri wa shule akupe nakala. Kikomo kwa mwaka ni krediti 30, na masomo yake ya kawaida ya sekondari huingia katika hesabu hiyo: kila somo la mwaka mzima huhesabiwa kuwa krediti tatu, nazo hutolewa katika 30. Akiwa na masomo manne ya sekondari, hiyo ni 12, na zinabaki 18 za chuo. Hicho ni kikomo tu, wala halazimiki kukifikia. Mimi humshauri mwanafunzi wa darasa la kumi na moja aanze na somo moja muhula wa kwanza, katika eneo analolimudu vizuri kuliko yote.

Neema, mwanafunzi wa uuguzi

Shikamoo Mama Furaha, shikamooni wote. Mimi nilifanya College Credit Plus na pia mitihani ya Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, kwa hiyo naweza kueleza tofauti niliyoiona.

Katika Advanced Placement unasoma mwaka mzima na mwalimu wako wa kila siku, kisha mwezi wa Mei unafanya mtihani mmoja unaopewa alama 1 hadi 5. Vyuo vya umma vya Ohio hutoa krediti kuanzia alama 3. Ukianguka mtihani, hakuna alama ya chuo inayoandikwa popote. Umekosa krediti tu. Lakini mtihani una ada, ingawa familia zenye kipato cha chini hupunguziwa, na kazi ya mwaka mzima hupimwa kwa saa chache za asubuhi moja. Mimi hushikwa na woga kwenye mitihani mikubwa, kwa hiyo historia nilipata 2, ilhali katika masomo ya chuo, ambako insha na majaribio ya kila wiki huhesabiwa, nilipata A katika saikolojia.

Kuna jambo ambalo mama yangu lilimshtua. Mtoto akishasajiliwa chuoni, hata kama ana miaka kumi na sita, haki ya kuona kumbukumbu zake za chuo huhamia kwake mwenyewe, kwa sheria ya nchi ya mwaka 1974. Mama alipiga simu kuuliza matokeo yangu akaambiwa hawawezi kumjibu, akadhani nimefanya kosa. Kuna fomu ambayo mwanafunzi huijaza ili kumruhusu mzazi. Mwambie Furaha aijaze siku anayojisajili, na mkubaliane kwamba kila Jumapili mtafungua pamoja ukurasa wa alama zake. Kuhusu Kiingereza, asiogope. Somo la uandishi ndilo lililonifundisha kuandika kwa kweli, kwa sababu chuoni kulikuwa na kituo ambapo mtu alikaa na insha yangu nusu saa nzima bila malipo. Ila nililichukua peke yake, bila somo jingine la chuo.

Mama Furaha, Columbus

Asanteni sana. Jana usiku, kabla sijaenda kazini, tuliisoma orodha ya uuguzi na binti yangu, yeye akinisomea na mimi nikiuliza. Ameona saikolojia na uandishi wa Kiingereza vyote vimo. Uandishi unafundishwa shuleni kwao, basi ataanza na huo peke yake, na fomu ya kipato nimeijaza. Baba Imani, nimemwambia pia kwamba akiona anazama katika siku zile 14 aniamshe hata kama nimelala, na hatasikia neno baya kutoka kwangu.

Nina swali moja la nyongeza. Mdogo wake wa darasa la tisa anazungumza Kiswahili safi, maana bibi yao anaishi nasi. Nimesikia kwamba Kiswahili nacho kinaweza kumpa krediti. Ni kweli?

Mwanamkasi, mshauri wa masomo chuoni

Ni kweli. Kwa krediti za sekondari, Ohio ina utaratibu wa Credit Flexibility, unaomruhusu mwanafunzi kuonyesha umahiri wake kwa kupimwa badala ya kukaa darasani, na pia upo muhuri wa lugha mbili, unaothibitisha kwamba anamudu Kiingereza na lugha nyingine, unaowekwa kwenye diploma. Kwa krediti za chuo, Chuo Kikuu cha New York hutoa mtihani wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, unaoweza kufikisha krediti 16, lakini chuo anachokwenda ndicho huamua kama kitazipokea, kwa hiyo muulize kwa maandishi kabla ya kulipa. Ohio State wenyewe hufundisha Kiswahili. Ukiuliza huko, tofautisha mambo mawili: kuondolewa sharti la kusoma lugha ya kigeni humpunguzia masomo ya lazima, lakini si sawa na kupewa krediti.

Miaka mitatu inamtosha kujiandaa. Vijana wetu wengi wanaozungumza vizuri huanguka kwenye kuandika, kwa sababu hawajawahi kuandika Kiswahili hata ukurasa mmoja. Bibi akimsimulia jambo, na aliandike.