Naomba ushauri: hati ya kumkamata mtu asiyejulikana jina, na ukomo wa kesi za jinai

Wakuu, habari za Kigoma. Tunaandaa somo la wasaidizi wa kisheria Kasulu, nimekwama pahali.

Milwaukee, Marekani, mwaka 1999 waendesha mashtaka walianza kuomba hati dhidi ya mbakaji asiye na jina, wakamtambulisha kwa vinasaba (DNA). Ukomo (muda wa mwisho wa kufungua kesi) kule ulikuwa miaka 6, hati ikitoka muda huo unaacha kuhesabiwa. Ila vinasaba viwe kamili na vya mtu mmoja: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Connecticut ilikataa hati iliyojengwa juu ya mchanganyiko wa vinasaba vya watu kadhaa, maana haikumtaja yeyote kwa uhakika. Kesi ikafa kwa ukomo.

Kwetu Sheria ya Ukomo, kifungu cha 43, haigusi mashauri ya jinai. Kwa hiyo adui wetu ni kielelezo kuoza. Nguo mbichi ikitiwa kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unaleta ukungu na bakteria, vinasaba vinavunjika. Ianikwe kivulini ikauke, iingie bahasha ya karatasi, kila nguo na yake, ipigwe lakiri, na kila anayeipokea asaini na kuandika tarehe na saa. Hapo kwenye saini ndipo kesi nyingi hulegea.

Naomba msaada: masika, umeme ukikatika, sampuli zilizofutwa kwa vijiti vya pamba mnazikausha vipi kabla ya kuzisafirisha kwa Mkemia Mkuu? Na mshtakiwa akilalamikia ucheleweshaji, mnajibu kwa hoja gani?