Mama ampa paka viini vya mayai, ati ini lake lina mafuta

Bint Kibokoni: Asalaam aleikum jamani. Mama ana miaka 61. Mwezi jana alipigwa picha ya tumbo akaambiwa ini lina mafuta. Tangu hapo kila asubuhi avunja yai, ute wake yeye, kiini cha paka. Paka anenepa, mama asahau: juzi mbaazi za nazi ziliungua na yeye yuko papo hapo. Muuzaji mmoja wa dawa asema vidonge vya kolini vyatoa mafuta ya ini na kurudisha akili. Ninunue?

Nesi Mstaafu: Wa aleikum salaam mwanangu. Pesa zako weka kwanza. Hiyo kolini, kirutubisho cha kwenye chakula, ndiyo anayokula paka! Yai moja lina kama miligramu 147, karibu zote kwenye kiini. Mwanamke hukadiriwa kuhitaji miligramu 425 kwa siku, mwanamume 550. Marehemu mume wangu alikuwa kuli bandarini, basi nitasema kwa lugha yake: mafuta ndani ya ini ni shehena, na kolini yasaidia kutengeneza kontena la kuyatolea. Makontena yakipungua, mzigo walala ghalani. Na hedhi ikishakoma mwili hujitengenezea kolini kidogo kuliko zamani.

Ila msidanganyane. Wengi wenye ini la mafuta hawakuugua kwa kukosa kolini; ni uzito, kisukari, vitu vitamu. Chai yake yaingia vijiko vingapi? Na kusahau, kweli ubongo hutumia kolini kuunda asetilikolini, kemikali inayohusika na kumbukumbu, lakini kidonge hakirudishi akili ya mtu mzima. Apimwe sukari, tezi ya shingo na vitamini B12. Kama ana kisukari au kolesteroli, idadi ya mayai amuulize daktari wake.

Mla Maini: Mimi nilivimeza hivyo vidonge, tena kwa pupa. Nikanuka shombo hadi mke akauliza kama nimeanza kuvua. Siku hizi maini ya ng'ombe kutoka Marikiti, mara moja kwa wiki: gramu 85 zina kolini kama miligramu 350. Mjamzito asiyazoee, yana vitamini A nyingi mno.

Bint Kibokoni: Nesi, vijiko vinne. Na mahamri matatu. Leo nimemchemshia yai zima, amelila lote, kisha akaniuliza paka atakula nini.