Kukata mboga za biashara: ninunue chopa, mashine ya umeme au kisu kizuri?

mapishi_tabata
Habari zenu wadau, naomba ushauri. Napika chakula cha mchana nasambaza maofisini hapa Dar, sahani kama 40 hivi na Ijumaa zinazidi kwa sababu ya pilau. Kinachonimaliza sio kupika, ni kukata. Vitunguu, karoti, hoho, kabichi, mchicha, bado kachumbari, yani alfajiri yote mimi na binti anayenisaidia tunakata tu mpaka viganja vinauma. Visu vyetu ni vile vyembamba vya mpini wa plastiki vyenye meno meno. Kariakoo nimeona chopa za kuvuta kamba, nimeona yale maboksi ya kubonyeza yenye wavu wa visu, na kuna fudi prosesa ya umeme ndio inanivutia zaidi ila nina laki moja tu na sitaki iishie kwenye kitu cha kukaa kabatini. Kuna mtu kaniambia achana na vyote nunua kisu kizuri, sasa kisu si kisu tu jamani? Mnaofanya hii kazi nisaidieni.

mama_wawili
Chopa ya kamba ninayo na naipenda lakini kwa kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili tu. Vitunguu maji vya pilau usithubutu, inavirarua vinatoa maji, ukiweka kwenye mafuta vinachemka badala ya kukaangika na rangi ya pilau huipati. Kachumbari ndio kabisa, inakuwa uji.

jiko_unguja
Assalam aleikum dada. Mimi napika hotelini huku Unguja, kukata mboga ndio kazi niliyoanzia, na nakwambia kwa moyo mweupe kabisa huyo aliyekwambia kisu kakupa nasaha nzuri, na kisu si kisu tu.

Hivyo vya meno meno vinakata kwa kukwaruza kama msumeno, ndio maana viganja vinauma, nguvu unaitoa wewe badala ya makali. Na huwezi kuvinoa kwenye jiwe la bapa, vikiisha vimeisha. Tafuta kisu cha mpishi cha inchi 8, yaani kama sentimita 20, bati lake pana ili vidole vya mkono ulioshika mpini visigonge kibao. Ushike pale bati linapokutana na mpini, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, usishike mpini peke yake kwa nyuma. Mkono wa pili kunja vidole ncha ziingie ndani, kisu kiteleze kwenye vifundo vya vidole, hapo hata ukiongeza kasi si rahisi kujikata.

Kitunguu kipasue katikati kuanzia kwenye shina, yaani upande wa mizizi, lile shina usiliondoe, ndilo linaloshikilia matabaka yasitawanyike. Lalisha nusu, pitisha kisu kwa urefu mistari kadhaa bila kufika shinani, halafu kata kwa upana, vinaanguka vipande sawasawa. Kwa pilau kata slesi tu, ila ziwe unene mmoja, maana zikiwa nyingine nene nyingine nyembamba hizi zinaungua wakati zile bado nyeupe.

Halafu suala la machozi. Kitunguu kinatoa ile hewa ya kuwasha macho pale chembe zake zinapopasuka, kisu butu kinaziponda nyingi, kisu kikali kinapita. Kwa hivyo kama huyo binti analia kila asubuhi muhurumieni, mpeni kisu chenye makali.

Na usikatie kwenye sahani au kibao cha kioo, makali yanakufa siku hiyo hiyo. Kibao cha mbao au plastiki, chini tandika kitambaa kibichi kisiteleze.

thika_road
Hapa Kenya kuna mashine za kuzungusha na mkono za kukata sukuma wiki, unaingiza majani unazungusha inatoka nyembamba. Kama ni mboga za majani nyingi sana inasaidia. Lakini angalia mama mboga yeyote kwenye kibanda, anakunja majani anayabana na mkono mmoja anakata hewani bila kibao na sukuma inatoka nyembamba kushinda ya mashine, na anaongea na customer huku anakata. Siri yake ni kisu kimenolewa. Kwa mchicha wako sioni haja ya mashine, majani yake ni laini sana, yataumia tu.

binti_mbeya
Mimi naomba nipingane kidogo na hawa wa visu. Mama yangu ana baridi yabisi kwenye vidole, kushika kisu muda mrefu hawezi. Boksi la kubonyeza limemrudisha jikoni, anakata hoho na karoti mwenyewe na anafurahi kwamba hasubiri mtu. Kwa hiyo msiseme vifaa ni upuuzi, kuna watu ndio vinawafaa. Ila karoti lazima uzipasue kwanza, ukibonyeza nzima ule wavu unapinda au plastiki inapasuka, na kuosha ni kazi, vipande vinanasa kwenye vile vitundu, tumia mswaki mgumu na usitie kidole.

mapishi_tabata
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. @jiko_unguja sasa kabichi na karoti za salad je? Huko ndiko muda unakoliwa. Nimeona kile kibao chenye wembe cha kupitishia mboga, kinafaa? Na hicho kisu nikishakinunua nakinoaje, maana mafundi wa kunoa wa baiskeli huku kwetu wanapita kwa kubahatisha.

jiko_unguja
Kabichi na karoti ndipo kifaa kinapostahili pesa yako dada, maana ni kitu kile kile, umbo lile lile, kingi. Hicho kibao chenye wembe kinachana kabichi nyembamba mno na haraka, lakini kinakata watu vibaya jikoni. Usikitumie bila kile kishikio chake, na mboga ikibaki kipande kidogo kiache, kitupe kwenye supu, usikimalizie kwa vidole. Huyo binti usimpe mpaka umemuonesha mwenyewe. Fudi prosesa ina diski ya kazi hiyo hiyo na ni nzuri kweli, ila kwa laki moja utapata ndogo, utaijaza mara nyingi, na umeme ukikatika alfajiri sahani 40 zinakungoja. Isubiri biashara ikue.

Kunoa: nunua jiwe lenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, ulaini wa namba 1000 unatosha kwa kila siku. La kutumia maji liloweke kwanza. Kupata pembe simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, halafu nusu tena, halafu shusha kidogo tu, hapo uko karibu nyuzi 20. Sukuma taratibu kutoka kisiginoni mpaka nchani kwa pembe hiyo hiyo bila kuyumba. Pitisha kidole kwa upande wa pili kutoka mgongoni kuelekea nje, ukihisi kichuma kidogo kinakwaruza basi geuza, noa upande huo. Jaribu kwenye nyanya mbivu, ikipasuka ngozi bila kukandamiza kimekaa sawa. Katikati ya wiki kikianza kulegea geuza kikombe cha udongo upitishe kisu kwenye ile duara ya chini isiyo na rangi, inarudisha makali ya kumalizia kazi.

Visu viwili, kimoja chako kimoja chake, jiwe, na kibao cha kuchania kabichi. Zunguka Kariakoo kwenye maduka ya jumla ya vyombo usinunue duka la kwanza, shika kisu mkononi kabla hujalipa, kikikuzidi uzito mbele ya ngumi achana nacho.

mama_wawili
Na kisamvu msikate kabisa, nunueni kilichosagwa sokoni 🙏

mapishi_tabata
Nimeelewa kaka. Jumamosi naenda Kariakoo na binti, akashike visu mwenyewe achague cha mkono wake. Kuna mtu anajua mtaa gani wanauza hayo mawe ya kunolea ya pande mbili?