Nimepangiwa kufundisha kozi ya utangulizi wa AI chuoni, nifute mambo ya zamani au niyaache?

mwalimu_mpya
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa waliowahi kupita hii njia. Semista ijayo nimepangiwa kufundisha utangulizi wa akili mnemba kwa mwaka wa pili, wiki 14, lekcha mbili kwa wiki na saa mbili za maabara. Mie mwenyewe uwanja wangu ni database, AI niliisoma zamani kidogo. Sasa silabasi niliyokabidhiwa imejaa kutafuta njia kwenye grafu, mantiki, michezo kama chesi, afu mashine kujifunza imebanwa kwenye wiki mbili za mwisho. Nikiongea na wanafunzi kila mmoja anataka chatiboti tu, algorithimu ya mwaka 1968 hawataki hata kuisikia. Nimeshawishika kufuta nusu ya kwanza yote nianze moja kwa moja na mitandao ya neva, zile programu za tabaka za vihesabio vinavyojifunza kwa mifano. Na hofu nyingine ni asaimenti, yani chochote nitakachotoa wanakibandika kwenye chatiboti na jibu linarudi limekamilika. Mnafanyaje?

Bi_Hesabu
Mwalimu usifute, tafadhali. Ile nusu ya kwanza ndiyo inayomfundisha mwanafunzi kulieleza tatizo kabla hajaligusa, na hicho ndicho wengi wanakosa. Mimi lekcha ya kwanza siingii na slaidi. Nakata karatasi, kila kundi linapata vigae namba 1 mpaka 8 na nafasi moja tupu, lile fumbo la kusogeza kimoja kimoja mpaka zipangike. Siwaambii walitatue, nawaambia waandike: hali ni nini, hatua gani inaruhusiwa, lengo ni lipi, kila hatua inagharimu nini. Hapo ndo utaona mtu anayeandika programu vizuri kabisa anakwama kwenye neno "hali".

Afu kundi moja nalipatia kwa makusudi mpangilio ambao 7 na 8 zimebadilishana nafasi, zingine zote zipo sawa. Watasogeza weee, mwisho mmoja anainua mkono, mwalimu hii haiwezekani. Namuuliza umejuaje? Kushindwa kupata njia na njia kutokuwepo ni vitu viwili tofauti. Mipangilio yote ni 362,880 lakini ukianzia popote unafika nusu tu, yani 181,440, na kompyuta inaweza kuipitia yote ikakuthibitishia. Ukitoka hapo makadirio ya umbali uliobaki kufika lengo wanayabuni wenyewe, mmoja atasema tuhesabu vigae vilivyo nje ya mahali pake, mwingine atasema tuhesabu kila kigae kipo hatua ngapi kutoka mahali pake, na tayari unafundisha A*, ile algorithimu ya kutafuta njia fupi kwa kutumia makadirio, bila kuitaja. Hiyo ya 1968 ni ya Hart, Nilsson na Raphael, ilizaliwa kwenye kazi ya kumtafutia njia roboti Shakey. Na wakikuambia imepitwa na wakati waambie AlphaGo, programu iliyomshinda bingwa wa mchezo wa Go Lee Sedol mwaka 2016, ilikuwa mitandao ya neva pamoja na kutafuta kwenye mti wa hatua zinazowezekana, vyote viwili.

mtu_wa_data
Nakubaliana na dada hapo juu kuhusu vigae ila wiki 7 za kutafuta na mantiki ni nyingi mno, mimi naipa 4 basi. Na hiyo hamu yao ya chatiboti usiipuuze, itumie. Siku ya pili wape ukurasa mmoja wa maandishi, kila mtu ahesabu kwa kalamu baada ya neno fulani linafuata neno gani mara ngapi, watengeneze jedwali, afu warushe dadu kuchagua neno linalofuata mpaka sentensi ipatikane. Sentensi zinatoka za ajabu lakini wazo la kukisia kinachofuata limeshaingia. Waambie Markov mwaka 1913 alihesabu kwa mkono herufi 20,000 za shairi la Pushkin akiangalia irabu na konsonanti zinavyofuatana. Ukifika kwenye transfoma ya 2017, muundo wa mtandao wa neva unaoendesha chatiboti za leo, wana pa kushikia.

Kitu ambacho nakuomba usikipitie haraka ni kutenganisha data ya kufundishia na ya kupimia. Kuna kijana alikuja maabara uso unang'aa, mashine yake imepata asilimia 100 kwenye yale maua ya iris, 150 ya aina 3. Alikuwa anatumia jirani mmoja wa karibu zaidi, yani kila ua linapewa aina ya ua linalofanana nalo zaidi kwenye data. Sikumwambia amekosea, nikamwambia chagua ua lolote hapo uniambie jirani yake wa karibu ni lipi. Akaangalia skrini kidogo, akasema "ni lenyewe mwalimu." Akanyamaza. Akatenga maua 50 pembeni akarudia, yakakosewa machache, yote ya zile aina mbili zinazofanana, na kuanzia siku hiyo ndo alikuwa anakagua kazi za wenzake kabla hazijanifikia.

msaidizi_wa_lab
Kuhusu asaimenti, mimi niliacha kupigana na chatiboti. Watumie, ila maksi nyingi zipo kwenye mazungumzo ya dakika 10 kwa kila wawili, programu yao ipo wazi mbele yangu, nawaambia wabadilishe kitu kimoja nikiwa nimekaa hapo hapo. Mfano wameleta perseptroni ya Rosenblatt, mtandao wa neva wa safu moja tu, inajifunza AND (jibu ni 1 pale tu ingizo zote mbili ni 1) vizuri, nasema haya ibadilishe iwe XOR (jibu ni 1 pale tu ingizo mbili zinatofautiana). Haijifunzi. Kwanini? Mwenye kuelewa anachukua karatasi anachora nukta nne za ingizo, anajaribu kupitisha mstari mmoja utenganishe za jibu 1 na za jibu 0 anaona haukubali, na hapo unamuingizia kitabu cha Minsky na Papert cha 1969 kuhusu ukomo huo na kwanini inahitajika safu ya katikati. Asiyeelewa anaanza kuongeza mizunguko ya mafunzo, elfu, elfu kumi, na bado haijifunzi. Kwa darasa la watu 120 hiyo ni saa 10 kamili, kwahiyo igawe wiki mbili za maabara na uombe msaidizi, inachosha kweli lakini sijapata njia nyingine ninayoiamini. Testi za karatasi pia zirudishe, wape mti mdogo wa mchezo wakate matawi kwa alfa-beta, yani kuruka matawi yasiyoweza kubadili uamuzi, kwa mkono.

mwalimu_mpya
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Nimeamua: kutafuta wiki 4, mantiki 1, uwezekano 2, zinazobaki mashine kujifunza mpaka transfoma, na mazungumzo ya mdomo mara mbili. Vigae nimeshaanza kukata. Bi_Hesabu swali dogo, lile kundi la 7 na 8, uliwaambia kwanini haiwezekani au uliwaacha?

Bi_Hesabu
Niliwaacha mpaka lekcha iliyofuata, na binti mmoja akarudi na sababu ameiandika. Soma vigae mstari kwa mstari, hesabu jozi ambazo namba kubwa imetangulia ndogo. Ukisogeza kigae kushoto au kulia hesabu haibadiliki. Ukisogeza juu au chini kinaruka wenzake wawili, hesabu inabaki vilevile au inaongezeka 2 au inapungua 2. Kwahiyo shufwa itabaki shufwa, witiri itabaki witiri. Mpangilio wa lengo ni 0, na ukibadilisha 7 na 8 tu unakuwa na 1.