Mausi isiyo na waya inaganda nikihamisha mafaili: shida ni mausi au kompyuta?

Steshenari_Mwanga
Wakuu, salamu. Nipo Mwanga, Kigoma, kwenye steshenari. Kompyuta ni ya mezani, boksi lake liko chini ya meza ya chuma na risiva ya mausi (kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi yake) imechomekwa nyuma. Kishale kinarukaruka: kinaganda kama nusu sekunde, kisha kinaibukia mbali. Kinazidi pale ninapohamisha picha za wateja kwenda kwenye diski ya nje. Betri ni mpya, na mausi nyingine niliyojaribu inafanya vilevile. Rauta ya Wi-Fi iko juu ya boksi la kompyuta. Kibodi ni ya waya, haina neno. Nianzie wapi kabla sijanunua mausi ya tatu?

FundiUjiji
Usinunue. Mausi mbili zikiugua ugonjwa mmoja, basi ugonjwa uko pale zinapokaa.

Hiyo diski ya nje ndiyo ya kushukiwa kwanza. Tazama tundu ilikochomekwa. Plastiki ya ndani ikiwa ya bluu, mara nyingi hiyo ni USB 3.0. Data inapita hapo kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kazi hiyo inatoa kelele za redio zinazotapakaa mpaka kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hadi 2.5, yaani palepale mausi inapozungumza na risiva yake. Kampuni ya Intel ilitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012, kwa hiyo si maneno ya vijiweni. Kelele inavuja kwenye waya, kwenye plagi, kwenye tundu na hata kwenye ganda la diski. Ndiyo maana ukiitoa risiva tundu la bluu ukaipeleka tundu jeusi la jirani unaona nafuu kidogo tu au huioni kabisa. Umehama chumba, hujahama nyumba.

Halafu umeiweka risiva mahali pabaya kupita pote: nyuma ya boksi la chuma, chini ya meza ya chuma. Mawimbi yanayoifikia tayari ni dhaifu. Ni kama kumnong'oneza mtu dirishani huku mashine ya kusaga inaunguruma. Mashine ikizimwa anakusikia, ikiwashwa ndiyo basi.

Dawa yake ni ekstensheni ya USB 2.0 ya mita moja, dume upande huu na jike upande ule. Chomeka nyuma ya boksi, pandisha waya juu ya meza, risiva ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye mausi na angalau nusu mita kutoka kwenye diski na waya wake. Usiilaze juu ya chuma chenyewe. Inyanyue kwa kipande cha ubao au bunda la karatasi za A4, hapo kwenu hazikosekani. Ukipitisha waya wa diski na ekstensheni pamoja kwenye kamba moja ili meza ipendeze, umerudisha kelele mlangoni.

Isevya_Kompyuta
Nakubaliana na fundi, ila kabla hajatoa hela apime. Kuhamisha mafaili mengi kunaweza pia kuilemea kompyuta yenyewe, na dalili zinafanana ukitazama haraka haraka.

Mkuu, anza kuhamisha folda kubwa, kisha kishale kikianza kuganda tazama vitu vingine. Je, herufi unazopiga kwenye kibodi zinatokea papo hapo? Video inacheza bila kukatika? Kama kila kitu kinakwenda na mausi peke yake ndiyo inayokwama, hiyo ni redio. Kama kila kitu kinakwama pamoja, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager ya Windows, utazame safu ya Disk. Ikisimama kwenye asilimia 100 muda wote, diski ndiyo imezidiwa, na ekstensheni haitakusaidia. Njia ya mkato ni kuazima mausi ya waya ya jirani: ikitulia wakati ile nyingine inaganda, umeshapata jibu.

Jaribio jingine: simamisha kazi, iondoe diski kwa utaratibu, chomoa waya wake kabisa, tumia mausi dakika mbili. Kisha zima rauta, tumia tena dakika mbili. Ukizima vyote kwa mpigo hutajua mkosaji ni yupi.

Mwana_Kibirizi
Au azungushie risiva karatasi ya foili, si inazuia mwingiliano?

FundiUjiji
Inazuia, mkuu, lakini inazuia na mausi yenyewe. Antena iko ndani ya hicho kidude, ukikifunika kwa foili umekiziba masikio. Kinga ya chuma inafaa upande wa mpiga kelele, yaani waya na diski, na hata huko kazi hiyo inatakiwa ifanywe kiwandani. Waya wa USB 3.0 wenye kinga nzuri unasaidia. Wa bei chee hata mfupi unavuja.

Cheyo_Mtandao
Hakuna aliyeigusa rauta vizuri. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na mausi wanagawana uwanja mmoja: megahezi 2400 hadi 2483.5. Ukiingia kwenye mipangilio ya rauta ukakuta upana wa chaneli ni megahezi 40, karibu nusu ya uwanja imeshaliwa. Weka 20. Kisha chagua chaneli 1, 6 au 11 wewe mwenyewe badala ya kuiachia "Auto". Chaneli 1 ina kitovu kwenye 2412, 6 kwenye 2437, 11 kwenye 2462, hazigusani. Mausi nyingi hurukia sehemu iliyo wazi, wewe kazi yako ni kuhakikisha hiyo sehemu ipo. Kama rauta ina gigahezi 5, kompyuta na simu zinazoikubali zihamie huko.

Na iondoe juu ya boksi. Mita moja na nusu au mbili zinatosha. Hili linawahusu pia wanaowasha hotspoti ya simu na kuilaza simu kandokando ya mausi.

Isevya_Kompyuta
Niongeze mawili kwa watakaosoma baadaye, maana si kila mausi inayokwama inasumbuliwa na kelele.

Mausi ikilala ukiiacha kidogo, na ikichelewa kuamka tu, tazama umeme wa USB. Kwenye Device Manager fungua Universal Serial Bus controllers, bofya mara mbili USB Root Hub, nenda Power Management, toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Rudia kwa kila Root Hub iliyoorodheshwa. Baadhi ya laptopu hazina ukurasa huo. Hapo jaribu Power Options, kwenye mipangilio ya ndani, zima USB selective suspend.

Kishale kikitetemeka mahali pamoja au kikikwama upande mmoja wa meza, hiyo ni jicho la chini. Vioo na fomaika inayong'aa ni adui. Weka karatasi isiyong'aa ujaribu. Jicho lisafishwe kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti kidogo, usimimine. Mara nyingi ni unywele mmoja tu umejikunja mle ndani.

Betri: "mpya" haitoshi. Zile za bei chee za zinki na kaboni voltaji yake inashuka haraka mausi ikivuta umeme. Tafuta zilizoandikwa alkaline. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima mausi ikiwa imewashwa; chini ya volti 1.1 badilisha. Za kuchaji husoma 1.2 zikiwa nzima, zisikutishe.

Steshenari_Mwanga
Nimepima. Herufi na video zinakwenda vizuri, mausi peke yake inaganda, na diski ikichomolewa inatulia hapohapo. Nimepata ekstensheni ila ina mita tatu. Itafaa? Na nikiongeza mausi mbili za aina hiihii kwenye kompyuta za pembeni, hazitagombana?

FundiUjiji
Mita tatu inafaa kwa risiva ya mausi, ila ziada usiikunje ukaiacha juu ya diski. Ikishindwa kutambulika, tafuta fupi, waya mwembamba mrefu hupoteza umeme njiani.

Mausi tatu za aina moja hazitagombana, kila moja ina anwani yake na risiva yake. Tatizo ni siku ya kufagia: mausi nyingi za bei ya kawaida hazikubali risiva ya mwenzake hata zikifanana sura. Kabla hujazichomeka, bandika namba kwa plasta kwenye kila mausi na kwenye risiva yake.