Ulinganisho: kishikwambi cha mwanafunzi na kifaa cha TV isiyo janja, bajeti laki sita

MamaWatatu_Tabata
Habari zenu wakuu. Nyumbani tuna TV bapa ya inchi 43, picha safi kabisa, ila si janja. Ina matundu mawili ya HDMI, moja limekaliwa na king'amuzi. Nataka kitu cha kuchomeka kwenye lile la pili ili watoto waone YouTube na sisi wakubwa tupate filamu, bila kununua TV nyingine. Halafu binti yangu yupo kidato cha kwanza, masomo mengi anatumiwa kwa PDF na anasomea kwenye simu yangu iliyopasuka kioo. Kwa vyote viwili nimetenga laki sita.

Kariakoo nimeonyeshwa boksi la Android limeandikwa 8K, RAM 8, GB 128, na bei yake iko chini ya kastiki kadogo ka Xiaomi. Muuzaji anasema ni kitu kilekile, tena boksi lina nguvu zaidi. Upande wa vishikwambi nimebaki na Samsung Galaxy Tab A9 na Redmi Pad SE. Naombeni uzoefu wenu, hasa wenye watoto wa shule.

Fundi_Vingamuzi
Dada, hilo boksi liache hapohapo dukani. Haya maboksi yanaletwa sana mezani kwangu. Ukilifungua ukasoma chipu zilizomo, lile lililoandikwa RAM 8 unakuta lina 2 au 1, na kwenye mipangilio wamechezea programu ionyeshe namba ya uongo. Kwa hiyo hata ukilikagua kwa kuwasha tu, litakuonyesha kile walichokiandika.

Kubwa zaidi ni idhini. Netflix na wenzake hawaruhusu picha kali kwenye kifaa chochote tu. Kuna ulinzi unaitwa Widevine, una madaraja. Kifaa chenye L1 kinapata HD hadi 4K, chenye L3 kinabanwa kwenye ubora wa chini. Maboksi mengi yasiyo na jina yako L3, na Netflix inayokuja nayo ni ile ya simu, inayotaka kishale cha panya kuiendesha. Unalipia kifurushi cha HD, unatazama ukungu. Xiaomi TV Stick 4K, Xiaomi TV Box S toleo la 2 na Google TV Streamer zote zina idhini ya Google na ya Netflix. Chagua humo.

Kipanga_IT
Naunga mkono fundi, na niongeze jambo linaloniumiza kwa sababu watu wengi hawalijui. Baadhi ya hayo maboksi yanatoka kiwandani yakiwa na virusi ndani. Mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa, unaoitwa BADBOX, uliwekwa wazi na watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya HUMAN Security mwaka 2023, ukarudi kama BADBOX 2.0. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kwa umma, na Julai mwaka huohuo Google ikawafungulia kesi waendeshaji wake, ikisema vifaa vilivyoathirika vinazidi milioni 10. Kabla ya hapo, Septemba 2024, kampuni ya kupambana na virusi ya Doctor Web ilitangaza kirusi kingine, Vo1d, kwenye maboksi ya TV kama milioni 1.3 katika nchi 197.

Kinachofanyika ni hivi: boksi likishaunganishwa na Wi-Fi yako, wahalifu wanapitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumbani kwako. Wizi wa akaunti ukifanyika, anwani inayoonekana ni yako. Wewe huku unaona tu bando linaisha upesi na boksi linapata moto usiku wakati hakuna anayetazama. Ukifuta kila kitu na kuanza upya haisaidii, maana kirusi kimo kwenye mfumo wenyewe. Mimi nyumba yenye watoto siwezi kushauri boksi la namna hiyo, hata likigawiwa bure.

Mvita_001
Salaam kutoka Mombasa. Mbona hamjataja Fire TV Stick ya Amazon? Huku tunazo nyingi, zaletwa na jamaa wanaotoka Uingereza na Marekani. Picha nzuri, rimoti nzuri, Netflix na YouTube hazina taabu.

Kipanga_IT
Ndugu yangu, kifaa ni kizuri, ila haina Play Store. Programu nyingi za huku kwetu hazipo kwenye duka la Amazon, na watu walizoea kuziingiza kwa njia ya pembeni. Sasa ile Fire TV Stick 4K Select ya mwaka 2025 inatumia mfumo mpya wa Vega, ambao si Android, na njia hiyo ya pembeni haipo. Mtu akikuletea zawadi, pokea kwa mikono miwili. Kwa anayetoa fedha zake Dar, kifaa chenye mfumo wa Google na Play Store, kama vile alivyotaja fundi, kinamfaa zaidi.

Mvita_001
Hapo nimekuelewa. Yangu ni ya zamani kidogo, ndiyo maana haijanisumbua.

Fundi_Vingamuzi
Kwenye zile tatu nilizotaja, tofauti ni hii. TV Stick 4K ina RAM GB 2 na nafasi GB 8. TV Box S toleo la 2 ni hivyohivyo, ila ina tundu la USB, unachomeka flashi. Hizo GB 8 mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, unabaki na programu chache. Toleo la 3 la mwaka 2025 wamepandisha nafasi hadi GB 32, ukilikuta bei haijapishana sana, chukua hilo. Google TV Streamer ndiyo kubwa lao, RAM GB 4, nafasi GB 32, ina na tundu la waya wa intaneti, lakini ilitoka mwaka 2024 kwa dola 99.99 hukohuko Marekani, na waya wa HDMI unanunua mwenyewe. Kwa laki sita ya vitu viwili, mama, itakumaliza.

Halafu stiki isipewe umeme kutoka kwenye USB ya TV. USB nyingi za TV za zamani zinatoa ampea 0.5, stiki inataka 1. Matokeo yake inazima na kuwaka katikati ya filamu, mtu anadhani imekufa. Tumia adapta iliyokuja nayo, ukutani.

Mwl_Sayansi_Dodoma
Nizungumzie kishikwambi, maana ndicho cha shule. Mimi natumia kimojawapo cha vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, na kazi za wanafunzi nazisomea humo kila siku.

Tab A9 ina kioo cha inchi 8.7. Kwa kubeba ni kizuri, kwa mtoto wa darasa la tatu kingenitosha. Kwa PDF ya kidato cha kwanza kinasumbua: ukurasa wa A4 ukiuonyesha mzima maandishi yanakuwa madogo, ukivuta ili usome, unaanza kusukuma kulia na kushoto kila mstari. Kwenye jedwali la kemia au mchoro wa baiolojia mtoto anapoteza uvumilivu. Redmi Pad SE ina inchi 11, ukurasa unakaa mzima na unasomeka. Kioo chake ni 1920 kwa 1200, cha Tab A9 ni 1340 kwa 800. Betri 8000 mAh dhidi ya 5100. Vyote vinapokea memori kadi. Kwa prosesa Samsung iko mbele, Helio G99 yake ina kasi kuliko Snapdragon 680 ya Redmi, lakini anayesoma na kutazama video za masomo hataiona tofauti hiyo sana.

Shangazi_Tanga
Mwalimu, umesahau laini! Redmi Pad SE hiyo ya inchi 11 haina sehemu ya laini, ni Wi-Fi pekee. Tab A9 ipo ya 4G. Mama akiondoka na simu yake kwenda kazini, binti atapata wapi intaneti? Mimi nilimnunulia mjukuu cha laini kwa sababu hiyo.

Mwl_Sayansi_Dodoma
Shangazi, sijasahau, ila nakiona kama faida. PDF zikishapakuliwa usiku kwa hotspoti ya mama, mchana mtoto anasoma bila intaneti. Chenye laini anashinda TikTok.

Shangazi_Tanga
Mwanangu, hiyo inategemea mtoto na inategemea mzazi. Kuna Family Link ya Google, unaweka muda na unafunga programu ukiwa kwenye simu yako. Usimnyime mtoto intaneti ya kuuliza swali kwa kuogopa TikTok. Wengine hawana mwalimu wa somo hilo kabisa.

Kipanga_IT
Hoja ya Shangazi ina uzito. Mama, je, nyumbani una Wi-Fi ya kudumu? Hilo ndilo linaamua vyote viwili, hata kifaa cha TV. Netflix wenyewe wanasema HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na 4K hadi GB 7. Kifurushi cha GB 10 kwa hotspoti ni kama filamu mbili. YouTube nayo ipunguze hadi 480p kwenye mipangilio, kwa katuni inatosha. Na kama baba wa nyumba anafuatilia Ligi Kuu ya NBC, king'amuzi cha Azam kisiondolewe.

MamaWatatu_Tabata
Asanteni sana jamani. Faiba tumevutiwa mtaani mwezi uliopita, ndiyo iliyonipa hili wazo. Baba wa nyumba ni Simba damu, king'amuzi hakiguswi. Basi nakwenda na Redmi Pad SE, na Xiaomi TV Box S kwa fedha itakayobaki. Swali la mwisho: pale kaunta nikague nini ili nisipewe feki?

Fundi_Vingamuzi
Usikubali kuambiwa mzigo haufunguliwi. Boksi la TV lichomekwe kwenye TV ya dukani, waunganishe na intaneti, uingie Play Store uitafute Netflix. Ikitokea na kusakinika hapohapo, ni dalili nzuri. Muuzaji akianza kuichukua kwenye flashi, rudisha. Kishikwambi, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, Mipangilio, kisha Kuhusu, usome kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google wenyewe. Angalia pia nafasi: kikisema GB 128 halafu video chache zinakijaza, hicho si chenyewe.

Mwenye kununua cha laini abonyeze *#06#, achukue IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kabla hajalipa, jibu litakuja na aina na modeli ya kifaa. Chako hakina laini kwa hiyo hiyo hatua haikuhusu. Dai risiti ya EFD, na modeli iandikwe kamili, "Xiaomi TV Box S" pamoja na toleo lake. Wakiandika "TV box" tu, siku ya kurudisha utaambiwa si hili ulilouziwa.