Naombeni ushauri: naenda kujitolea Tromsø, Norwe, miezi kumi kuanzia Agosti

Binti_wa_Makete

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina miaka 26, ni mwalimu wa chekechea. Shirika ninalofanya nalo kazi Iringa lina ubia na wenzao wa Tromsø, na safari hii nimechaguliwa mimi, kupitia mpango wa kubadilishana watu wa Norec, shirika la serikali ya Norwe. Siku tatu za wiki nitakuwa chekechea, mbili kwenye kituo cha vijana. Chumba wanalipa wao, posho ya kujikimu ipo, mshahara hakuna.

Baridi siiogopi sana. Nimezaliwa Makete, asubuhi za Juni nimekuta barafu kwenye majani ya viazi. Kinachonitisha ni giza, na habari kwamba watu wa kule hawasemi na mtu. Mama ameniuliza swali moja tu: "Huko utapata wa kukusalimia?" Sikuwa na jibu.

Nianzie wapi nikifika? Ninunue nini hapa, nini huko? Nawasilisha.

Mzee_wa_Makaratasi

Marahaba binti, hongera. Mimi nilikaa Norwe miaka minne, miwili ya kwanza kama wewe. Nitaongelea makaratasi, maana ndiyo yaliyonitesa.

Ukifika, ndani ya siku saba uwe umeweka miadi na polisi kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Usingoje mwenyeji wako akukumbushe, miadi inajaa. Halafu kuna namba ya utambulisho yenye tarakimu 11. Anayekaa miezi sita au zaidi hupewa namba kamili ya rejesta ya wakazi, wa muda mfupi hupewa ya muda. Wewe wa miezi kumi omba ile kamili, kwa sababu ndiyo inayokupa daktari wako wa kudumu. Baada ya namba, fungua akaunti ya benki, na benki ikupe BankID, kitambulisho chao cha mtandaoni. Bila BankID utaona milango mingi imefungwa: kodi, daktari, hata kusoma barua za serikali. Kwangu mimi kutoka namba hadi BankID ilichukua karibu miezi miwili, kwa hiyo njoo na akiba ya kukutosha muda huo.

Jambo lingine ambalo hatukuambiwa: sisi tunaotoka nchi zenye kifua kikuu kingi, tukikaa zaidi ya miezi mitatu, ni lazima tupimwe TB. Damu na picha ya kifua. Ukiitwa usishtuke wala usidhani umeshukiwa ugonjwa. Ni bure.

Na kwa kuwa utakuwa na watoto, utadaiwa hati ya polisi kuonyesha huna rekodi ya makosa. Chukua ya nyumbani kabla hujaondoka, alama za vidole na yote. Mimi nilihangaika kuifuatilia nikiwa mbali.

Chap_Chap

Miezi kumi bila mshahara? Dada, ukifika tafuta usafi wa maofisi jioni. Saa moja ya kule ni hela ya wiki nzima hapa.

Mzee_wa_Makaratasi

Hapana, kijana. Kibali chake kimefungwa kwenye kazi aliyoombewa. Afanye kazi nje ya hapo bila kuuliza Idara ya Uhamiaji yao, UDI, atajiharibia yeye, shirika lake, na binti wa mwakani atakayetaka nafasi hiyo hiyo. Nimemwona mtu akirudishwa kwa jambo hili na alikuwa mchapakazi kweli. Binti, asikudanganye mtu.

Mama_Furaha_wa_Bukavu

Dada yangu, mimi niko Tromsø tangu 2014, tulikuja kama wakimbizi, na watoto watatu. Karibu sana kwetu.

Baridi ya Makete ni kitu, lakini hapa shida si baridi yenyewe. Kuna mkondo wa bahari wa joto unapita, bandari haigandi. Siku nyingi za baridi ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Shida ni barafu ya barabarani. Theluji inayeyuka, mvua inapiga, usiku inaganda, asubuhi njia ni kioo. Nilivunja mkono mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya koti, nunua brodder, vile vyuma vyenye meno vya kuvalisha chini ya kiatu. Na refleks, kitambaa kinachong'aa taa za gari zikikipiga. Mtu mwenye koti jeusi katika giza haonekani na dereva.

Nguo usinunue Dar. Lete zako za kawaida tu. Ndani kabisa hapa tunavaa sufu, si pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho inakaa baridi mwilini. Enda Fretex, mitumba ya Jeshi la Wokovu, ama tafuta kwenye Finn, tovuti ya watu kuuziana vitu. Ski za kuteleza kwenye theluji usinunue. Katika manispaa nyingi kuna BUA, wanakuazima vifaa bure, unarudisha.

Giza sasa. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halitoki. Lakini si giza la shimoni. Mchana kuna saa chache za mwanga wa bluu, mlima wote unakuwa bluu, na kama kuna theluji chini unaona vizuri. Katika saa hizo TOKA NJE. Hata dakika ishirini. Mimi mwaka wa kwanza nilijifungia nikalala, nikalia, nikafikiri nimerogwa. Jirani mmoja mzee alinigongea mlango na chupa ya tran, mafuta ya ini la samaki. Wao wanasema unayanywa kila mwezi wenye herufi r. Harufu mbaya, lakini kunywa. Na tarehe 21 Januari, jua likirudi kuonekana mjini, watoto wa chekechea watakula maandazi ya jamu yanayoitwa solboller. Wewe utakula nao.

Chakula: unga, maharage na mafuta ya mawese tunapata, bei iko juu lakini tunapata. Usibebe nyama kavu wala maziwa wala samli, vya kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi, vitatupwa uwanjani. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Na usitupe chupa za soda. Duka linarudisha kroni mbili kwa ndogo, tatu kwa kubwa.

Nyeri_Trondheim

Mimi ni Mkenya, niko chuo Trondheim. Naongeza la saa, maana liliniaibisha. Wakisema "halv tre" si saa tatu na nusu za mzungu. Ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu mchana zetu. Nilialikwa kwa mtu nikafika saa moja nzima baadaye, chakula kimepoa, wote wameketi wananingoja. Hawakusema kitu, na kunyamaza kwao kuliniuma kuliko maneno. Pia ukialikwa chakula cha jioni, kinaweza kuwa saa kumi na moja. Vua viatu mlangoni.

Binti_wa_Makete

Asanteni sana. Mama Furaha, umenitoa machozi. Na hilo la kutosemeshwa? Kiongozi wangu wa kule ameandika kwamba wiki ya pili kutakuwa na "dugnad". Ni nini?

Mama_Furaha_wa_Bukavu

Dugnad ni kama salongo kwetu Kongo. Watu wa jengo moja, ama wazazi wa shule, wanatoka pamoja kusafisha, kupaka rangi, kupanga. Hakuna malipo, mwisho kuna kahawa na mikate ya vafler.

Mzee_wa_Makaratasi

Sisi tungesema msaragambo. Binti, usikose hata moja. Mnorwe hajui kuongea na mgeni akiwa amekaa bure, ila mpe reki mkono mmoja na wewe ushike ndoo, ataongea. Nilikaa miezi mitano bila rafiki, nikaenda kwenye dugnad ya kituo cha michezo, nikatoka na watu watatu ambao mpaka leo tunaandikiana.

Mama_Furaha_wa_Bukavu

Ni kweli kabisa. Na jioni zako enda frivilligsentral, kituo cha wanaojitolea, karibu kila manispaa inacho. Mimi nilianza kutembelea bibi mmoja wa miaka 88 kila Jumatano. Darasani walinifundisha "jeg", yaani mimi. Bibi anasema "æ". Kaskazini hapa wengi wanasema "æ". Wazee wana muda, watarudia neno mara kumi bila kuchoka. Norweji yangu yote nimeitoa kwenye meza ya yule bibi.

Mwambie mama hivi: barabarani mjini hakuna atakayekusalimia, usimsalimie kila mtu, watashangaa. Lakini panda mlimani. Huko kila mmoja anasema "hei".

Binti_wa_Makete

MREJESHO, Septemba.

Nimefika salama. Polisi nilikwenda, TB nimepimwa, namba imetoka, benki bado nangoja. Kwenye dugnad nilipewa kupaka rangi uzio na mama mmoja ambaye saa nzima ya kwanza alisema maneno mawili. Saa ya pili akanionyesha picha za wajukuu wake wote. Jumatano hii naenda kwake.

Jumapili nilipanda Sherpatrappa, ngazi za mawe zilizojengwa na Washerpa kutoka Nepal, zaidi ya 1,200. Nilipofika juu nilikuwa siwezi kuhema, lakini nilikuwa nahesabu. Watu 31 wameniambia "hei". Nikampigia mama pale pale juu, upepo unavuma hata hasikii vizuri, nikamtajia namba hiyo mara mbili.

Mama Furaha, duka la unga bado sijalipata.

Mama_Furaha_wa_Bukavu

Jumamosi saa tano asubuhi nitakungoja mbele ya maktaba, ile yenye paa lililopinda. Kuja na mfuko mkubwa. Na brodder umenunua?